Kutaga Majini au Kuzaa: Vyura Wawili, Njia Mbili

Yai la chura halina ganda. Likikosa unyevu, hukauka. Amfibia, yaani vyura na jamaa zao, wanalo tatizo hilo tangu kale, na wamelikabili kwa njia tofauti.

Chura wa kawaida, yule anayekoroma mabwawani usiku wa mvua, hutegemea wingi. Jike hutaga maelfu ya mayai kwenye uzi mrefu wa utelezi, na dume aliye mgongoni huyarutubisha yakitoka. Kisha wote wawili huondoka. Viluwiluwi wengi huliwa kabla hata hawajaota miguu.

Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, Milima ya Udzungwa, Tanzania, hufanya kinyume. Jike, asiyefika hata sentimita 3, hurutubishwa ndani ya mwili. Hatua ya kiluwiluwi hupita tumboni, kisha anazaa vyura wachache, wadogo mno lakini waliokamilika. Hahitaji dimbwi. Anachohitaji ni manyunyu ya maporomoko, na hapo ndipo alipoponzeka: maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, makazi yake, yasiyozidi hekta chache, yakakauka. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, akawa amebaki kwenye bustani za wanyama za Marekani. Mwaka 2012 alianza kurudishwa korongoni.

Kwa usalama wa kila mtoto, wa Kihansi anashinda. Kwa kuhimili misukosuko, mimi namchagua wa bwawani. Huyo hata mtaro wa mjini unamtosha.