Mwongozo wa kununua mchezo wa kuigiza wahusika: pima kwanza uchawi wake

Wanunuzi wengi wa vitabu vya kanuni za michezo ya kuigiza wahusika hutazama jalada, unene wa kitabu na umaarufu wa jina lake, na baada ya vikao vichache hugundua kwamba kinachowafurahisha au kuwachosha mezani ni jambo ambalo hawakulichunguza kabisa, nalo ni namna uchawi unavyofanya kazi katika ulimwengu ule wa kubuni. Katika michezo ya aina hii mmoja wa kikundi huwa mwongozaji, yaani ndiye anayeueleza ulimwengu na kuwaigiza wakazi wake; kila mmoja wa waliobaki humwigiza mhusika wake mwenyewe, na dadu hurushwa pale ambapo matokeo hayajulikani. Kwa kuwa uchawi ndio unaowawezesha wahusika kufanya yasiyowezekana, kanuni zake ndizo zinazoamua wachezaji watawaza nini, wataogopa nini na watabishana juu ya nini.

Kigezo kikuu ninachokitumia kuipanga michezo hii ni kile ambacho mhusika hukitoa ili uchawi utokee. Mchezo ambao uchawi wake hulipwa kwa usingizi wa usiku mmoja utawafundisha wachezaji kutafuta mahali pa kulala. Ule unaolipwa kwa mwili utawafundisha kupima kila neno kabla ya kulitamka. Na ule unaolipwa kwa ahadi utawafanya waishi kwa namna fulani hata siku ambazo hakuna uchawi wowote unaofanyika. Baada ya hapo nimetazama ni nani katika ulimwengu huo aliye na uchawi, na kazi ya kusoma inayomsubiri mwongozaji. Michezo ya Mage: The Ascension na mingine inayotokea katika dunia yetu ya leo nimeiacha makusudi, kwa kuwa mwongozo huu unahusu ulimwengu wa kubuni.

Nafasi ya kwanza: RuneQuest

RuneQuest ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1978 na Chaosium, na ulimwengu wake, Glorantha, ulibuniwa na Greg Stafford, ambaye alikuwa ameanza kuuandika tangu mwaka 1966. Toleo la kununua leo ni RuneQuest: Roleplaying in Glorantha la mwaka 2018. Ninauweka juu ya mingine yote kwa sababu ndani yake uchawi si mali ya kundi dogo la wasomi: mkulima, mchungaji, mpiga ngoma na askari wote wanao, kwa kuwa ulimwengu wenyewe umefumwa kwa miungu na mizimu.

Uchawi mdogo, unaotoka kwa mizimu, hulipwa kwa pointi za uchawi ambazo hurudi zenyewe ndani ya siku moja. Mfano wake ni ule wa kunoa upanga: kila pointi inayotumika humwongezea mpiganaji asilimia 5 ya kulenga na pointi moja ya madhara. Ni uchawi wa kawaida, wa kila siku, na hautikisi dunia. Uchawi mkubwa ni wa miungu, na hapo ndipo mchezo huu unapoonyesha ubora wake. Mhusika hujiunga na ibada ya mungu fulani, na ili kupata pointi moja ya Runi (Runi ni alama za nguvu zinazoujenga ulimwengu huu, na pointi zake ndizo zinazolipia uchawi wa mungu) hutoa kabisa pointi moja ya nguvu ya roho yake, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayomkinga dhidi ya uchawi wa wengine. Akishaitumia pointi hiyo ya Runi hairudi kwa kulala; hurudi kwa kushiriki ibada, hasa katika siku takatifu za mungu wake. Mchezaji ambaye mhusika wake ameishiwa hulazimika kuuliza hekalu liko wapi na sikukuu ni lini, na kwa njia hiyo kalenda, safari na jamii huingia katika mchezo bila mwongozaji kuzilazimisha.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi kanuni zinavyomjenga mhusika. Runi za Mauti na Uzazi ni jozi inayopingana, na asilimia zake mbili, zinazopima jinsi mhusika alivyo karibu na kila moja, hujumlishwa kuwa 100. Mfuasi wa Humakt, mungu wa mauti na vita, ambaye Runi yake ya Mauti imefikia asilimia 80, ana asilimia 20 tu ya Uzazi, na kila anavyozidi kuwa hodari katika uchawi wa mungu wake ndivyo anavyozidi kuwa mbali na upande wa pili wa maisha. Wafuasi wa Humakt hawakubali kufufuliwa wakifa, na zawadi wanazopewa na mungu wao huambatana na miiko. Wafuasi wa Chalana Arroy, mungu wa kike wa uponyaji, wana uwezo wa kuponya unaotamaniwa na kila kikundi, lakini wameapa kutomdhuru kiumbe mwenye akili. Kikundi chenye wahusika hawa wawili pamoja kina mgogoro wa kutosha kwa mwaka mzima wa vikao.

Ugumu upo. Glorantha ina historia ndefu na majina mengi, na mapigano yake, yanayohesabu jeraha kiungo kwa kiungo, si mepesi. Kwa hiyo ninashauri mnunuzi asianze na kitabu kikuu bali aanze na RuneQuest Starter Set ya mwaka 2021, ambayo ina wahusika waliokwisha kutengenezwa, dadu, na kisa ambacho mtu anaweza kukicheza akiwa peke yake. Anayetaka kuonja bila kulipa anaweza kupakua RuneQuest Quickstart, inayotolewa bure na mchapishaji.

Nafasi ya pili: Ars Magica

Kama ningepanga kwa ubora wa kanuni za uchawi peke yake, Ars Magica ungekuwa wa kwanza bila ubishi. Ulitolewa mwaka 1987 na Jonathan Tweet pamoja na Mark Rein-Hagen, na toleo la tano lilitolewa na Atlas Games mwaka 2004. Ulimwengu wake ni Ulaya ya karne ya 13, lakini Ulaya ambayo majini, malaika na mazimwi ni kweli kama watu walivyoamini.

Uchawi wote umejengwa kwa maneno 15 ya Kilatini. Matano ni vitenzi: Creo ni kuumba, Intellego ni kutambua, Muto ni kugeuza, Perdo ni kuharibu na Rego ni kutawala. Kumi ni majina ya vitu, kama vile Ignem kwa moto, Aquam kwa maji, Corpus kwa mwili wa binadamu na Mentem kwa akili. Mchawi huunganisha kitenzi na jina, na uwezo wake katika kila neno una namba yake. Tuchukue mchawi mwenye Creo 8, Ignem 10 na ustahimilivu 2, aliyesimama mahali penye nguvu ya kichawi ya 3. Jumla yake ni 23 kabla ya kurusha dadu, kwa hiyo mkuki wa moto wa kiwango cha 20 aliokwisha kujifunza anaurusha bila kuchoka. Akitaka kubuni papo hapo kitu ambacho hajakifanyia mazoezi, jumla hiyo pamoja na dadu hugawanywa kwa 2 na yeye huchoka. Akikataa kuchoka, jumla hugawanywa kwa 5 na dadu haitumiki. Katika hesabu hiyo fupi kuna maelezo kamili ya kwa nini wachawi wa ulimwengu huu hupenda kukaa ndani na kusoma.

Gharama kubwa hapa ni muda. Kubuni uchawi mpya huchukua msimu mzima wa miezi mitatu katika maabara, na huisha kwa msimu mmoja ikiwa tu jumla ya uwezo wa mchawi ni mara mbili ya kiwango anachokitafuta. Vinginevyo misimu hufuatana, wahusika huzeeka, na mchezaji huanza kuhesabu maisha ya mhusika wake kwa vitabu alivyosoma. Sijaona mchezo mwingine unaoufanya usomi uwe na uzito namna hii. Hata hivyo nimeuweka wa pili, kwa sababu unadai kikundi chenye subira, kilicho tayari kucheza kwa miaka ya ndani ya hadithi na kufanya hesabu kati ya vikao, na kila mchezaji kwa kawaida huwa na mchawi, msaidizi wake na baadhi ya walinzi wa makao yao. Watu wanaokutana mara moja moja wasiununue. Wenye kukutana kila wiki, na wanaopenda historia, wasisite. Toleo la nne hutolewa bure na Atlas Games kwa PDF, na linatosha kuonja.

Nafasi ya tatu: Dungeon Crawl Classics

Mchezo huu wa Goodman Games, uliotoka mwaka 2012, ni wa wanaotaka uchawi wa kutisha. Kila uchawi una jedwali lake: mchezaji hurusha dadu ya pande 20, na matokeo huanzia kushindwa kabisa hadi maafa makubwa kuliko alivyokusudia. Akipata 1, uchawi humpotea, na huenda ukauharibu mwili wake kwa namna isiyofutika. Akitaka kujihakikishia, anaweza kuzitoa pointi za nguvu, wepesi au ustahimilivu wake ili aongeze matokeo, na pointi hizo hurudi moja tu kwa siku. Mchawi wa kiwango cha juu, kwa hiyo, hutambulika kwa sura yake kabla hajafungua mdomo.

Kasoro yake ni majedwali. Kitabu ni kinene, na kila uchawi unapofanyika mtu lazima afungue ukurasa wake, jambo linalosimamisha mchezo iwapo nakala ni moja mezani. Tena unahitaji dadu zisizo za kawaida, zikiwemo za pande 7, 14, 16, 24 na 30, ambazo mnunuzi azihesabu katika gharama zake tangu mwanzo.

Shadowdark na Dungeons & Dragons

Shadowdark wa mwaka 2023 ninauweka wa nne, na kwa mtu anayeanza kabisa huenda ndio wa kununua kwanza, kwa kuwa kila kitu kimo katika kitabu kimoja. Kufanya uchawi kunahitaji kufikia 10 kujumlisha daraja la uchawi huo kwa dadu ya pande 20. Ukishindwa, huutumii tena hadi upumzike. Kanuni hiyo huelezwa kwa dakika moja. Kinachokosekana ni kina: uchawi wake hausemi lolote kuhusu ulimwengu unakotoka.

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson wa mwaka 1974 ulioanzisha aina hii yote, ni wa tano katika orodha hii, ingawa ndio unaojulikana kuliko yote na ndio rahisi zaidi kuupatia wachezaji. Mchawi wake ana nafasi za uchawi, yaani idadi ya mara anazoweza kuufanya, zilizopangwa katika viwango 9. Anayeanza ana nafasi 2 tu za kiwango cha kwanza, na mchawi aliyefika ngazi ya 5 ana nafasi 4 za kiwango cha kwanza, 3 za cha pili na 2 za cha tatu. Nafasi hizo hurudi baada ya mapumziko ya saa 8. Ni utaratibu unaoeleweka, na kanuni inayomzuia mchawi kushikilia zaidi ya uchawi mmoja unaohitaji umakini ni nzuri sana. Lakini mlipuko wa moto wenye dadu 8 za madhara haumgharimu mtu chochote atakachokikumbuka kesho, na kwa kipimo cha mwongozo huu huo ni upungufu mkubwa. Pathfinder, mchezo mwingine unaofanana nao, una udhaifu ule ule, pamoja na hesabu zaidi, ingawa kanuni zake zinasomeka bure kwenye intaneti.

Atakayeamua kununua Dungeons & Dragons ajue kwamba vitabu vikuu ni vitatu, na kwamba mchezaji wa kawaida anahitaji Player's Handbook peke yake; viwili vilivyobaki ni vya mwongozaji. Matoleo ya mwaka 2014 na 2024 yanafanana kwa sura na majina, kwa hiyo aulize kwanza wenzake wanatumia lipi, na kabla ya kulipa asome kanuni za msingi ambazo mchapishaji amezitoa bure.