Mpaka ukifungwa: bosi wa kusubiri au bosi wa kuhama soko?

Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna (huku kwetu Uganda tunaita Katuna) Februari 2019, ikaja kufungua tena 31 Januari 2022, karibu miaka 3 jamani. Bosi wa kusubiri pale Kabale, mji wa Uganda karibu na mpaka huo, anawaambia vijana "wiki ijayo watafungua", stoo imejaa, unga unaingia wadudu, mishahara inachelewa.

Wa pili anaita wafanyakazi wote mapema, anawafungulia daftari la mauzo waone wenyewe, afu anatuma lori moja Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, kujaribu soko la huko, njia ndefu, mafuta ghali, wateja hawamjui, atapata hasara mwanzoni kweli. Ila mimi namchagua huyo, maana vijana wana watoto shuleni na wanahitaji kujua leo kama kazi ipo.