TAHADHARI: Muuzaji wa randa na patasi "za Mwingereza" anayezungusha watu kati ya Arusha na Moshi

Mafundi na wapenzi wa zana za mkono wa Arusha na Moshi, kuna mtu anauza randa za chuma, patasi, tupa na misumeno, akidai ni mali ya zamani ya Uingereza iliyoachwa na mzungu aliyehama. Msimtumie hela. Jina na namba yake siviandiki hapa, kwa sababu laini anabadilisha na jina linalotokea kwenye muamala si lile analojitambulisha nalo. Kisichobadilika ni mtindo wake wa kuuza na jinsi zana zake zilivyochezewa.

Mteja wa Arusha anaambiwa muuzaji yupo Moshi, Pasua au Majengo. Mteja wa Moshi anaambiwa yupo Arusha, mara Ngarenaro, mara Unga Limited. Ni kilometa kama 80 tu, lakini anajua fundi mwenye kazi mezani hatapoteza siku nzima kufuata randa moja. Picha anazotuma ni nzuri, zote zimepigwa kutoka juu. Bei yake ni kati ya 180,000 na 250,000 kwa randa namba 4 au 5 (namba ni ya ukubwa), na kila mara kuna mteja mwingine anayekuja kuichukua jioni. Anataka hela yote kwanza, kisha anakutumia picha ya risiti ya mzigo wa basi.

Na mzigo unafika kweli. Ndiyo maana watu wanachelewa kushtuka, na ndiyo maana anaendelea. Ukifungua unakuta chuma kimepakwa grisi nzito kila mahali, huoni kitu. Ukishaisafisha na kulalamika, anakujibu kwamba ulinunua zana ya zamani, na zana ya zamani ina kasoro zake. Hapo lazima tuelewane: kisu kilicholiwa na jiwe la kunolea, mpini uliochubuka, kutu kidogo ubavuni, hizo ni kasoro za uzee. Ufa uliozibwa kwa puti na kupakwa rangi ni udanganyifu.

Mfano ni randa namba 5 iliyokuja Arusha kutoka kwake. Ndani ina rangi nyeusi mpya, uso wa chini umepigwa msasa mpaka unang'aa. Ukipitisha ukucha taratibu kwenye kona ya mdomo, yaani upenyo wa uso wa chini ambamo kisu kinatokea, upande wa kushoto, unakwama kidogo sana. Thina ikitoa rangi, chini yake kuna puti ya magari ya rangi ya kijivu, na ncha ya bisibisi ikiichimbua puti unaona ufa unaoanzia kona ya mdomo na kupanda ubavuni karibu nusu ya kimo chake. Randa hizi ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambacho ni kigumu lakini hakipindi. Ikianguka kwenye sakafu ya zege inapasuka pale chuma kilipo chembamba, yaani mdomoni. Ikishapasuka hapo, kila ukikaza kisu mdomo unacheza, kisu kinatetemeka, na ukirandia mninga au mkongo unaachiwa mawimbi ambayo hakuna kunoa kutakakoyaondoa. Kuichomelea kwa fimbo za kawaida za welding hakusaidii, kwani chuma cha kusubu kikipoa haraka pembeni ya mchomeleo kinakuwa kigumu kama kioo na kupasuka tena hapohapo.

Kuukagua ufa huhitaji mashine. Fungua kila kitu kwenye randa mpaka ubaki na mwili mtupu. Uning'inize kwa kidole kimoja au kamba, ugonge kidogo kwa mpini wa bisibisi: mzima unalia, uliopasuka unatoa sauti iliyokufa. Ukibaki na shaka, osha mdomo na pembe zake, paka mafuta ya taa, acha robo saa, futa mpaka pakauke kabisa, halafu nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatarudi juu na kuuchora mstari wenye unyevu kwenye chaki. Kama rangi ni mpya na nene, toa rangi kwanza, maana puti inauziba ufa na mafuta hayataingia.

Jambo la pili ni majina. Anauza mwili wenye namba 5 ukiwa na kibati cha mbele, kile kinachokandamiza kisu, kilichoandikwa Record, na kuiita "Record namba 5 orijino". Randa za kampuni ya Record ya Sheffield, Uingereza, ziliandikwa namba zikiwa na sifuri mbele: 04, 05, 07. Walioandika 4, 5 na 7 bila sifuri ni kampuni ya Stanley. Kwa hiyo randa hiyo ni mseto wa vipuri. Binafsi sina ugomvi na mseto kama unafanya kazi, vipuri vingi vya hizo mbili vinaingiliana, ila uuzwe kwa bei ya mseto na mnunuzi aambiwe.

Beba sumaku ndogo. Gurudumu la kurekebishia kina cha kisu, lile lililo mbele ya mpini wa nyuma, kwenye randa nzuri za zamani ni la shaba, na sumaku hailishiki. La kwake ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Zipo randa halali za wakati wa Vita Kuu ya Pili zenye gurudumu la chuma kwa sababu shaba ilikuwa adimu, lakini hizo hazipakwi rangi ili zifanane na shaba. Lizungushe pia gurudumu hilo. Tredi yake ni ya kushoto, hivyo ukilizungusha kwa mwendo wa saa kisu kinashuka. Kwenye mojawapo ya randa zake kisu kilikuwa kinapanda: skrubu ya asili ilikatika, ikatobolewa, ikawekwa bolti ya kawaida ya milimita na nati ya kulia. Inafanya kazi kwa siku chache, kisha nati inalegea yenyewe kisu kikiwa kazini.

Sasa kisu, ambacho ndicho randa yenyewe. Visu vyake vingi ni bati nene la chuma laini lililokatwa kwa grenda na kuandikwa jina. Tazama maandishi: herufi ziking'aa wakati chuma kinachozizunguka kina kutu, basi herufi zimeandikwa baada ya kutu kuingia. Kutu yenyewe pia inajieleza. Ya miaka mingi ni ya kahawia iliyoiva na imeng'ang'ania. Ya kulazimishwa kwa asidi ni ya rangi ya chungwa, inatoka kama vumbi ukiifuta kwa kitambaa, tena imesambaa sawasawa hata pale ambapo mkono wa fundi ungekuwa umesugua miaka yote.

Halafu ijaribu kwa tupa kali, yako mwenyewe. Pitisha tupa kwenye ubavu wa kisu karibu na makali, ndani ya sentimita mbili au tatu. Kwenye chuma kilichotiwa matiko, yaani kilichogumishwa kwa moto, tupa inateleza, unasikia mlio wa juu na unaona mkwaruzo tu. Chuma laini kinalika, na unga wa chuma unabaki kwenye meno ya tupa. Msijaribu sehemu ya juu karibu na tundu refu, kwa sababu hata kisu halali mara nyingi ni laini huko, na mtamsingizia muuzaji asiye na kosa. Kama kisu ni chako tayari, kigusishe kidogo kwenye grenda uangalie cheche: chuma chenye kaboni ya kutosha kinatoa cheche nyingi fupi zinazopasuka matawi, chuma laini kinatoa mistari mirefu iliyonyooka.

Kuna wengine walioletewa kisu cha asili kabisa, lakini kimeunguzwa. Alikinoa kwa grenda mpaka ncha ikawa ya bluu, akaisafisha bluu kwa msasa. Chuma cha kaboni kikifika karibu nyuzi joto 300 za Selsiasi kinapoteza ugumu, na kuifuta rangi hakuurudishi. Dalili ni ncha kujikunja baada ya kusukuma mara chache, hata kwenye msonobari. Hiki kinaokolewa: kata milimita tatu hadi tano za mwanzo kwenye jiwe huku ukichovya majini kila mara, rudisha pembe ya makali kwenye nyuzi 25, jaribu tena kwa tupa. Kikiendelea kulika, itafutie randa kisu kingine cha upana wa inchi 2.

Patasi zake nitazipitia haraka. Anadai ni za Sheffield za miaka ya 1950. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikipima kwa inchi, hivyo ukipima upana kwa milimita, nusu inchi isome karibu 12.7, robo tatu isome 19, inchi moja 25.4. Seti nzima ikisoma 10, 16 na 20 kamili kwenye vernia (kipimo cha taya), si ya miaka hiyo. Inaweza kuwa patasi nzuri tu, lakini si hiyo anayoitaja wala haifikii bei hiyo.

Tupa "mpya" ni kuukuu zilizolowekwa kwenye asidi ya betri na kupakwa weusi. Ishike chini ya taa na kuigeuza geuza: ncha ya jino iliyo butu inarudisha mwanga kama kistari cheupe, ncha kali haionekani. Misumeno yenye meno ya bluu anaiuza kama ile iliyotiwa ugumu kiwandani, kumbe bluu ni rangi. Weka tupa kwenye jino moja la mwisho karibu na mpini. Likilika, meno ni laini. Yale halali hayaikubali tupa kabisa, na ndiyo maana hayanolewi.

Ana mtindo mwingine wa kubadilishana. Anakuomba randa yako nzima, wewe umwongezee elfu hamsini, yeye akutumie namba 7 ndefu. Randa nzuri inaondoka na inayokuja ni mbovu. Msikubali mabadilishano yoyote yasiyofanyika ana kwa ana.

Kwa yeyote anayekuuzia kwa simu, omba picha nne: uso wa chini ukiwa na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni, mdomo kwa karibu, kisu kikiwa kimetolewa pande zote mbili, na sehemu kisu kinapolalia kikiwa hakipo. Muuzaji wa kweli anahitaji bisibisi na dakika tano. Huyu anajibu kwamba hataki usumbufu. Tena miji yetu iko jirani, na karibu kila fundi wa Arusha ana fundi anayemfahamu Moshi: mwombe akakague na alipe akiwa ameishika. Mitumba ya Memorial na Kiboriloni, au Krokoni kwa upande wa Arusha, utapekua sana kabla hujapata, lakini unaishika zana kabla hela haijatoka mfukoni.

Kama umeshatuma hela na mzigo haujafika, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyohiyo ukiwa na namba ya muamala. Hela ikiwa bado haijatolewa kuna uwezekano wa kuizuia, ikishatolewa ni vigumu. Namba ya huyo mtu iripoti TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040. Nenda polisi ukachukue RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Udanganyifu wa mtandaoni unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na zana yenye jina la kughushi unaweza pia kuipeleka kwa Tume ya Ushindani, FCC. Kama zana imeshafika, usiisafishe zaidi wala usiinoe kabla ya hapo. Hifadhi karatasi ya kufungia, risiti ya basi na ujumbe wote, kwa sababu jitihada ya kumpata inategemea nani alikabidhi mzigo stendi, saa ngapi.

Mkishamaliza na polisi, naomba zana hizi zisirudi sokoni kimyakimya. Kisu kizima kitoe, vipuri vizima vitoe, na mwili wenye ufa uupige muhuri wa herufi UFA kwa panchi, ndani, nyuma ya mdomo, mahali ambapo rangi ya kupuliza haitauficha.