Mashine ya vifaranga kwa mayai ya mjusi: nilichokiona Uyole

Haya ndugu zangu, karibuni. Hii hapa mezani ni ile mashine ndogo ya kutotolesha, ya mayai 12, ya plastiki, mfuniko wake unaona mpaka ndani. Niliinunua Mwanjelwa kwa shilingi 130,000. Wengi mnaijua kwa kuku. Mimi nimeiwekea mayai ya mjusi kafiri, na nimeona niwaambie ukweli wake, maana ningefuata karatasi ya maelekezo iliyokuja nayo, yangekufa siku ile ile.

Mayai yalikuja na kabati. Shangazi alihamia kwangu kutoka Kyela mwezi wa tano, na tulipokuwa tunasogeza kabati lake nikayaona mawili kwenye upenyo wa ubao wa nyuma. Meupe, magumu, kila moja kama punje ya hindi. Shangazi alishashika ufagio. Nikamwambia, "Shangazi, naomba uniachie hayo." Kule Kyela kwenye joto yangeanguliwa yenyewe na wala msingejua. Huku Uyole mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya digrii 10. Yangeganda.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Yai la kuku lazima ligeuzwe, ndiyo maana hii mashine ina trei inayozunguka yenyewe. Yai la mjusi ni kinyume. Siku mbili za mwanzo kiinitete kinajishikiza kwenye ukuta wa yai, na ukilipindua baada ya hapo unaweza kukiua. Kwa hiyo trei nimeitoa yote, na waya wa mota nimeuchomoa. Juu ya kila yai niliweka nukta ya penseli, mnaiona? Kabla sijalitoa kwenye ubao niliweka nukta, halafu nikalishusha hivyo hivyo, nukta ikiangalia juu. Wino usitumie, ganda lina vitundu vya hewa.

Joto. Mashine inatoka kiwandani imewekwa 37.8. Hiyo ni ya kuku. Mjusi nilimtafutia 28. Kitufe kinashuka vizuri, hilo naipongeza. Lakini kioo chake kinadanganya, na hili ndilo kosa kubwa la mashine hii. Nilizamisha kipimajoto kingine pembeni ya mayai, kile cha waya kinachowekwa kwenye friji. Kioo kikasoma 28, kipimajoto kikasoma 30.5. Nikasubiri usiku mzima, asubuhi tofauti ni ile ile. Mwisho nikaiweka 25.5 ili mayai yapate 28. Na tafadhali, kipimajoto cha homa cha zebaki hakifai kwa kazi hii, namba zake zinaanzia 35.

Mayai yenyewe yalikaa kwenye kikopo cha siagi chenye mchanga mkavu, mfuniko nimeutoboa. Maji niliweka kidogo tu kwenye mfereji wa chini. Mjusi wetu ganda lake ni gumu, halihitaji unyevu mwingi. Wale mnaoniuliza kuhusu lepadi geko, yule wa madoa anayetoka upande wa Pakistani na Afghanistani, huyo ni habari nyingine: yai lake ni laini kama ngozi, linanywa maji kutoka kwenye udongo, na feni ya mashine hii ingelikausha mpaka libonyee. Halafu kwake joto ndilo linaloamua jinsia. Ukiyalea kwenye 26 au 27 utapata majike karibu yote, ukifika 32 madume yanazidi. Sasa mashine inayokosea digrii mbili na nusu unaifanyia nini hapo?

Wiki ya tatu umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi alfajiri. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa mbili, nikazifunga khanga, nikaziweka ubavuni mwa mashine, juu nikatupia blanketi. Kipimajoto kikashuka hadi 21. Sikulala. Lakini baridi ya saa chache inalichelewesha tu yai, joto likizidi ndilo linaloua haraka. Kwa hiyo ukibaki na wasiwasi, bora lipoe kidogo kuliko kulichemsha.

Nilipomulika na tochi ya simu, yai moja lilikuwa na vijishipa vyekundu kama mizizi. La pili lilikuwa njano tupu, likaanza kuota ukungu, nikaliondoa. Siku ya 58 asubuhi nikakuta ganda limepasuka, na mtoto wa mjusi amejibanza ukutani mwa kikopo, hafiki urefu wa kidole changu cha mwisho, macho meusi kabisa. Sikumshika, mkia wao unakatika upesi. Alivua ngozi, akaila, na baada ya hapo ndipo alipoanza kula vijinzi nilivyovivuta kwa ganda la ndizi mbivu.

Je, ununue? Kama unafuga kuku na mashine unayo, itumie, ila ongeza kipimajoto chako. Kuinunua kwa ajili ya mjusi peke yake, hapana, si kwa bei hii na kioo hiki.

Jumamosi Shangazi anashuka Kyela kuangalia shamba. Kikopo nimeshakitoboa matundu mapya, anaenda naye, atamwachia ukutani kwenye nyumba ile ile lilikotoka kabati.