Usinunue Mche wa Bonsai Kabla Hujafukua! (Nipo Kitaluni Mtwara)

Haya haya haya, karibuni. Leo nipo Mtwara, njia ya kuelekea Mikindani, kwenye kitalu cha bi mkubwa mmoja ambaye amenikubalia nifukuefukue miche yake kwa sharti moja tu: nikivunja, nimenunua. Kwa hiyo video ikikatika ghafla, mjue nimevunja.

Kabla sijasahau, wiki iliyopita sikupandisha kitu. Simu ilitumbukia majini pale Shangani, nikaifukia kwenye mchele siku tatu, haikuamka. Hii ni ya mpwa wangu, na yeye ndiye kaishika. Picha ikicheza msinitukane mimi.

Sasa. Kila nikiweka video lazima atokee mtu: "Kaka, mbegu za bonsai napata wapi?" Jamani. Hakuna mbegu ya bonsai! Neno lenyewe la Kijapani, linasema mti uliopandwa kwenye chombo, basi. Mkwaju uleule ukiupogoa kwenye sahani ni bonsai, ukiuacha porini ng'ombe watalala kivulini kwake. Hao wanaouza vipakiti mtandaoni, sijui bonsai nyekundu, sijui bonsai ya bluu, wanakuuzia mbegu za miti ya kawaida, tena kama ni mbegu kweli. Mmoja aliniambia elfu kumi na tano kipakiti. Kwa hela hiyo hapa natoka na miche miwili na vitumbua vya njiani. Halafu mbegu ukiipanda leo, shina la kueleweka utalisubiri miaka. Kitaluni unanunua miaka ya mtu mwingine aliyemwagilia maji. Ndiyo maana tupo hapa.

Tuanze na huu. Bi mkubwa nimemwambia naomba fikasi nzuri, ule mti wa jamii ya mkuyu, kaniletea huu hapa. Dogo, rudi nyuma waone wote. Umenyooka, majani yanang'aa, unanifika kifuani. Kwa getini ni mzuri sana, chukua miwili uweke kushoto na kulia. Kwa bonsai sina kazi nao. Ona shina: unene wa chini na wa juu ni uleule, kama bomba la maji. Tawi la kwanza lipo usawa wa mkanda wangu. Mti wa kweli uliozeeka chini ni mnene, unapungua kadiri unavyopanda. Na sikilizeni hili, maana wengi ndipo wanapoharibu: mti ukishauweka kwenye sahani, shina halinenepi tena, au linanenepa kidogo mno hata huoni. Unene uingie nao ukiwa tayari unao.

Najua mtaniambia fikasi inakatwa kichwa inachipua. Kweli, inachipua hata kwenye shina kuukuu la kahawia lisilo na jani. Lakini kwa nini nianze na kazi ya miaka mitatu wakati kitalu kina miche mia?

Haya, mkwaju. Huu nilikuja nao moyoni kabisa. Majani yake madogo yenyewe, usiku yanajikunja, gamba linapasuka mapema mti ukionekana mzee kabla ya umri. Nikauona huu, shina kama dole gumba, umepinda vizuri, nikasema nimepata. Dogo, sogea. Sogea zaidi. Hiki ni kijiti cha mshikaki, ndicho kifaa changu cha leo, hakuna mashine. Nafanya hivi, naparua udongo taratibu kuzunguka shina. Taratibu! Usichimbe kama unatafuta muhogo. Natoa sentimita moja... bado shina. Mbili... bado shina. Hapa ndipo watu wanadanganyika, kwa sababu unachokiona juu ya udongo wa kiriba, huu mfuko wa mche, sio mwanzo wa mti. Wakati wa kupanda walishindilia udongo, wakaongeza samadi, mwanzo wenyewe umezama. Wajapani mahali mizizi inapoachana na shina wanapaita nebari, na kwao mti usio nayo ni kama mnazi uliochomekwa mchangani. Tatu... ngoja. Mnaona?

Mnaona hicho? Mzizi mkuu ulishuka, ukakuta kiriba kimeisha, ukarudi juu, umezunguka shina mara moja, mara mbili, kama dawa ya mbu. Umejinyonga wenyewe! Ukiwa mwembamba kama njiti ya kiberiti unaukata na maisha yanaendelea. Huu umeshakuwa kama penseli, umelibana shina mpaka limeingia ndani. Nikiukata linabaki kovu na upande mzima hauna mizizi. Yaani mti wangu wa moyoni. Nimekasirika, sitaki kudanganya. Kosa si la bi mkubwa, yeye anauza miche ya kwenda shambani, na huko ungehamishwa zamani. Umekaa tu kwenye kiriba kidogo muda mrefu.

Bogonvilia napita haraka. Kwenye video ya Lindi nilisema sitaigusa tena, miiba imenichoka na mimi nimeichoka. Nafuta maneno. Hapa ipo moja ina kisiki kama ngumi, na bogonvilia ukiibania maji kidogo ndiyo inachanua. Lakini angalieni kovu la kubebesha, yaani pale walipounga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Ya rangi mbili mara nyingi imebebeshwa, na pale kwenye kiungo panavimba kama goti. Na ukikata sehemu kubwa mti wake unaoza ukabaki tundu. Elfu sita. Nafikiria.

Ndugu zangu wa Newala na Masasi, nimewasikia: mkorosho je? Hapana. Mzizi wake mkuu mkorofi, na jani la mkorosho utalipunguza kidogo tu. Halafu matunda hayafuati mti kupungua: jani linaweza kuwa dogo, bibo likabaki bibo. Kamti ka futi moja kanabeba bibo zima na korosho yake kananing'inia kama mlevi. Mpeleke shambani, akulipe.

Sasa njooni huku pembeni, nyuma ya matanki. Hii ndiyo sababu ya video. Fikasi tena, lakini tazama. Umepinda, umekatwakatwa, nusu ya majani yameliwa, kiriba kimechanika. Nikamuuliza bi mkubwa, akasema, "Huo wa zamani mwanangu, watu wanaupita tu. Chukua elfu tatu." Nikachuchumaa, nikaanza kuparua. Sentimita moja tu! Dogo, leta hapa, weka mwanga. Ona mizizi ilivyotawanyika, mmoja huku, mmoja huku, miwili nyuma, kama mguu wa jogoo ameshika chini. Shina kama kifundo changu cha mkono, linapungua likipanda, tawi la kwanza chini kabisa, la pili upande wa pili. Jamani nimecheka peke yangu kama mwehu. Na hilo ndilo lilikuwa kosa. Usicheke mbele ya mwenye mti. Bi mkubwa kaja, katazama, kasema, "Huo elfu kumi." Hivihivi! Na msimu wa minada ya korosho ukifunguka hapa mjini, watu wakishika hela, naukuta elfu ishirini.

Kwa nini umenenepa hivi ndani ya kiriba? Nauinua... hauinuki. Mizizi imetoboa kiriba imeingia ardhini. Ndiyo siri: ulikuwa unakula chini kwa miaka bila mtu kujua. Ukikuta kiriba kimegandia chini kitaluni, simama hapo, usipite. Ila usiung'oe kwa nguvu, maana mizizi mingi ipo huko nje. Ungekuwa mkwaju ningekata mizizi ya upande mmoja, nikasubiri wiki kadhaa, ndipo upande wa pili. Fikasi inasamehe. Utomvu mweupe utatoka, uache ukauke, majani yatadondoka mengi, usilie. Kivulini mwezi mzima. Na usikate matawi, ukabadilisha udongo, ukafunga waya, vyote siku moja. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana, nikabaki na kuni. Na hii baridi ya kusi ikiwa bado inavuma, chombo kipya kisubiri joto lirudi.

Bi mkubwa, basi elfu saba, mama yangu, hata majani hauna.

"Nane."

Nane. Sawa. Naomba na jembe nichimbe.

"Jembe lipo. Kuchimba elfu mbili."

Dogo, zima. Hapana, usizime, waache wasikie.