Kibanda cha usiku cha paka, kazi ya fundi wa kuchomelea hapa Bombo, Uganda

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya komeo la mlango, nalo nitalifikia. Kwa anayefuga paka katika miji yetu hii, asiye na amani wanapotoka usiku na asiye na chumba cha kuwalaza, naona hii ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Kibanda chenyewe ni fremu ya mabomba ya chuma ya mraba: upana mita moja na nusu, kina sentimeta sabini, kimo kinanizidi mimi kidogo. Kimeegemezwa ukuta wa nyuma, barazani. Kuta zake ni ule waya wa matundu madogo wanaoanikia kahawa. Waya wa kuku niliukataa, maana matundu yake nyoka mdogo anapita na panya anapita. Juu kuna bati lenye mteremko, ndani rafu mbili za mbao, moja ya chini na moja ya juu kabisa, kwa kuwa paka hupenda kutazama kutoka juu. Mgongo wa kibanda umekizunguka kidirisha cha stoo kilicho wazi, kwa hiyo paka wanalala stoo au wanakaa kibandani wakipigwa na upepo, wanaingia na kutoka watakavyo hadi asubuhi. Ninachofunga mimi ni mlango wa stoo unaoingia nyumbani, na ule wa kibanda unaotoka uani. Nililipa shilingi 350,000, nusu kabla ya kazi na nusu siku kilipoletwa. Fundi alichelewa kuliko alivyoahidi, lakini kazi yake ya kuchomelea ni safi, hakuna kiungo kilicholegea.

Wengi wananiuliza kwa nini nisiwalaze tu sebuleni. Mimi ni mshonaji, na sebule yangu ndiyo karakana: cherehani, mabunda ya vitenge, magauni ya gomesi yanayosubiri vifungo, na nyuzi kila mahali hata ufagie namna gani. Ulimi wa paka una vijimiiba vinavyoelekea nyuma, upande wa koo. Akishaanza kuuramba uzi, kuutema ni kazi, unateremka tu. Na uzi ukinasa ncha moja, chini ya ulimi au tumboni, utumbo unajikunja juu yake kama kitambaa ukivuta uzi wa marinda, na unaweza kukatika. Ukiuona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ikiwa uzi umeshika sindano, hatari ni mara mbili. Mchana nipo na macho yangu yapo. Usiku nimelala, na paka wawili wako macho na nyuzi zangu.

Nje nako siwaachi. Bombo imekaa juu ya barabara ya Kampala kwenda Gulu, na malori yanayoelekea Sudan Kusini yanapita hapa usiku kucha. Paka huona kwa mwanga mdogo sana, wanasema kama sehemu moja ya sita ya ule tunaouhitaji sisi, lakini jicho lile lile taa za lori zikilimulika ghafla, mnyama anaduwaa katikati ya lami. Mbwa nao hapa kwetu hufungiwa mchana na kuachiliwa usiku walinde nyumba. Halafu kuna dawa ya panya. Wenye maduka huiweka jioni wakifunga. Sumu nyingi za siku hizi ni zile zinazozuia damu kuganda. Panya akiila hafi papo hapo, anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na panya mlegevu ndiye anayekamatwa kwanza. Paka akiwala wa namna hiyo huanza kuvuja damu ndani kwa ndani, wewe unadhani amechoka tu. Dawa ipo, vitamini K1, lakini ni lazima daktari amwone mapema, na paka aliyekula sumu usiku nje huwezi kujua alikula nini, wala lini.

Sultani, dume langu, ana sikio lililochanika tangu hajahasiwa. Meno ya paka ni membamba, yanatoboa tundu dogo ambalo huziba juu haraka na kuacha usaha chini, ndipo unaona jipu limevimba shavuni au kwenye mkia. Virusi vya ukimwi wa paka, ambavyo haviambukizi mtu, hupita zaidi kwa kuumana hivyo. Kichaa cha mbwa nacho kinampata paka vilevile, na paka akikuuma au kukukwaruza nawe una shaka naye, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali bila kungoja. Wangu wana chanjo na wote wawili wamehasiwa. Kuhasi kumepunguza sana hamu ya Sultani ya kuzurura na kupigana. Kibanda kimemaliza kilichobaki.

Habuba, mama yake mama yangu, hakukipenda alipokiona mara ya kwanza. Alisimama mbele yake na bakora yake, akasema, "Binti yangu, unamfunga paka? Umesahau habari za yule mwanamke?" Nilijua anamsema nani. Ni yule ambaye Mtume alisimulia kwamba aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie viumbe vya ardhini. Nikamwambia, "Habuba, yule alimnyima chakula na akamzuia asijitafutie. Hawa wana maji, wamekula dagaa wa mukene, na asubuhi wanatoka." Hakunijibu hapohapo. Aliinama, akatazama bakuli la plastiki la maji, akasema niweke la udongo, maji yakae baridi. Nimeweka la udongo. Tangu hapo hajalalamika, na akija hukaa barazani karibu na kibanda, Simsim, paka wangu wa pili, akimwekea pua kwenye waya.

Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo ninalowaulizeni ninyi mnaotaka kununua. Kibanda kitupu, bila maji, bila mahali pa kujisaidia, bila pa kupanda, na paka mmoja humo tangu magharibi hadi saa tatu asubuhi, hicho mimi nisingekisifu hata kingekuwa cha dhahabu. Wangu nawafungulia jua likishachomoza vizuri, karibu saa mbili. Nachelewesha makusudi, maana alfajiri ndipo ndege wengi wanapookota chini, na saa hizo za mapambazuko na machweo ndizo paka huwinda kwa bidii zaidi. Kule Canberra, Australia, wamekwenda mbali zaidi: paka aliyezaliwa kuanzia 1 Julai 2022 haruhusiwi kuzurura nje ya kwa mwenyewe, mchana wala usiku, kwa ajili ya kuwalinda wanyama wa porini. Mimi mchana wangu nawaachia, chini ya mwembe nikiwaona kutoka kwenye cherehani.

Jirani yangu Hajati, anayeuza mahindi na maharage kwa gunia, ana hoja nyingine. Paka wake ni wa kazi, na panya hutoka usiku. Amefungiwa kibandani, paka wa nini kwake? Nakubaliana naye kabisa. Lakini ukitazama, paka wake nao wanalala ndani: anawafungia ghalani na magunia, mlango umebanwa, na hathubutu kuweka sumu humo. Huyo hahitaji kibanda. Ghala lake ndilo kibanda.

Sasa siafu. Hili ndilo ningependa mlisome mara mbili, maana fundi hakulisema na sidhani kama mafundi wengi wanalifikiria. Paka aliye huru akivamiwa na siafu anaruka na kukimbia. Aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Mvua za Machi na za Septemba zinapoanza, siafu hutembea kwa misafara, na kila mtu hapa anamjua mtu aliyeamka akakuta kuku au sungura wameliwa bandani. Kwa hiyo nilimwambia fundi akinyanyue kibanda kwa miguu minne ya sentimeta arobaini, na kila mguu nimeusimamisha ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo juu yake. Makopo yako nje ya waya, paka hawayafikii kuyaramba, na mchana nayafunika wakiwa uani. Yakaguliwe kila wiki, maana majani yakianguka ndani yanakuwa daraja. Kibanda kisiguse ua wala tawi la mti. Kinapogusana na ukuta nyunyiza majivu chini ya ukuta mzima. Na kidirisha cha stoo ni mlango wa pili wa kukimbilia. Ndiyo maana sishauri mtu akiweke kibanda peke yake katikati ya uwanja, hata fundi akisema kinapendeza huko.

Kasoro zenyewe. Komeo lililokuja nalo ni la kusukuma kwa ubavu, jepesi, halina pa kuangukia. Sultani alilipigapiga kwa mkono hadi likateleza, mlango ukafunguka, nikamkuta alfajiri juu ya tangi la maji. Nimeweka komeo zito lenye mkia unaoanguka chini, la shilingi 8,000, na halijafunguka tena. Usiweke kufuli la funguo: moto ukitokea, au siafu hao, hutaki kutafuta funguo gizani. Ncha za waya upande wa ndani zilikuwa kali, na nyayo za paka ni laini. Fundi alirudi akazisaga bila kudai malipo, namshukuru kwa hilo. Bati likipigwa na mvua kubwa lina kelele ya kutisha, paka wote wanakimbilia stoo. Nimepigilia mbao chini yake na kelele imepungua, haijaisha. Rangi ya kuzuia kutu ilikuwa bado inanuka siku kilipofika. Kiache nje kikauke hadi harufu iishe kabisa, maana paka atajisugua humo kisha ajirambe.

Kuwazoesha kulikuwa rahisi kuliko nilivyohofia, na tumesaidiwa na kukaa karibu na ikweta. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo saa ya paka haibadiliki. Wanakula mlo mkubwa jioni, na mlo huo uko stoo tu, kamwe si uani. Kabla ya hapo nacheza nao kidogo kwa kipande cha kitenge kilichofungwa kwenye fimbo, na fimbo hiyo naificha tukimaliza, kwa sababu ile ile ya nyuzi. Paka akishakimbiza, akakamata, akala, anajisafisha na kulala, ndiyo tabia yake hata porini. Mukene nauchagua na kuuosha mara kadhaa hadi mchanga uishe, kisha nauchemsha bila chumvi, nachanganya na posho, yaani ugali wa mahindi, kidogo. Kidogo, maana paka ni mla nyama.

Ramadhani ilituvurugia. Nyumba nzima iko macho saa kumi usiku kwa daku, sufuria zinagongana, na paka wakadhani ni asubuhi. Simsim alilia hadi watoto wakataka kumfungulia. Nilikataa, nikampa kijiko cha mukene kupitia stoo, mlango wa uani ukabaki umefungwa. Ukifungua mara moja kwa ajili ya kilio, atalia kila siku. Baada ya Idi alirudi kwenye saa zake mwenyewe.

Choo chao ni mabeseni mawili yenye unga wa mbao kutoka kwa maseremala, nautaka wa mbao kavu zisizopakwa dawa. Nasafisha kila asubuhi, na si kwa ajili ya harufu peke yake. Kuna kimelea kinachoitwa toksoplazma ambacho hutoka na kinyesi cha paka, na mayai yake huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo yaweze kuambukiza. Ukikitoa kinyesi kila siku unakuwa umekitangulia. Mkaza mwanangu ni mjamzito, kwa hiyo haruhusiwi kugusa mabeseni hayo hata kwa kunisaidia, kwa kuwa kimelea hicho kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kumfukuza paka nyumbani kwa sababu ya mimba, kama wengine wanavyofanya, hakuna haja.

Ukiagiza, sema mapema: waya wa kuanikia kahawa, ncha zisagwe, miguu ya sentimeta arobaini, rafu ya juu, komeo zito, na bati lipigiliwe mbao kwa chini. Pima kidirisha chako mwenyewe, usimwachie yeye akadirie kwa macho. Komeo na hizo mbao za bati kwangu zilikuja kama shilingi 30,000 baadaye, mwanzoni zingekuwa chini ya hapo. Karakana iko upande wa pili wa barabara kuu ukitoka sokoni, utasikia mashine kabla ya kuiona. Ukienda Ijumaa, nenda kabla ya swala.