Beetle yangu imetulia: gereji ya Hajji, Ndeeba

Kama una gari la zamani la kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, na injini imekataa kutulia, mpelekee Hajji wa Ndeeba, Kampala. Gereji yake haina kibao. Ukitoka mjini kwa barabara ya Masaka, wapite wauza mbao, kisha uliza gereji ya Hajji Mnubi. Hata watoto wanaijua.

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, injini ya 1600, kabureta Solex 34 PICT-3. Asubuhi linawaka vizuri. Likishapata moto ndipo vituko vinaanza: unaachia mafuta lakini injini inabaki juu inanguruma, halafu dakika chache baadaye sailensi, yaani mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inashuka yenyewe mpaka gari zima linatetemeka. Mimi hutoka Jinja kuja Kampala kwa biashara, na foleni ya Mukono ilikuwa imegeuka mateso.

Kabla ya hapo nilikuwa nimelipeleka kwa fundi mwingine, simtaji. Huyo alikuja na bisibisi moja, akaizungusha skrubu inayosukuma mkono wa mafuta, sailensi ikashuka, akachukua pesa. Kesho yake shida ikarudi, na gari likaanza kusita kila nikikanyaga mafuta.

Hajji alisikiliza injini kwa muda, akaizima. "Binti yangu, kabureta inasingiziwa sana," akaniambia. "Liache lilale hapa. Valvu za gari hili hupimwa injini ikiwa baridi kabisa."

Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa fundi. Asubuhi alipima valvu zote nane, ile milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi, kila moja iwe na nafasi ya milimita 0.15, akakuta moja ya moshi imebana. Valvu ikibana haifungi sawasawa, na silinda moja ikilegea hivyo injini haiwezi kutulia hata ukiifunga kabureta mpya. Akahamia kwenye distribyuta inayogawa umeme kwa plagi, pointi zake akaziweka milimita 0.4, akatazama plagi, akapima taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa taa. Muda wote huo kabureta hakuigusa.

Kisha akaanza kutafuta hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia bila kupita kwenye kabureta. Kijana wake alisimama na mtungi wa kuzimia moto, Hajji akawasha injini na kunyunyiza dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo, kwenye maungio ya manifoldi, yale mabomba yanayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye injini, akiiweka mbali na distribyuta. Alipofika kwenye mpira wa upande wa kushoto, ule unaounganisha bomba la katikati na la pembeni, mlio ukabadilika papo hapo. Mpira ulikuwa na ufa chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Mimi nilidhani tumemaliza. Yeye akashika ncha ya shafti ya mafuta, kile kijiti cha chuma kinachopita katikati ya kabureta na kubeba bataflai, kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa, akakitikisa kwa vidole viwili. Kikacheza. Akaniambia nishike mwenyewe, na kweli nilisikia kikigonga huku na huku ndani ya tundu lake. Miaka ya kufungua na kufunga ilikuwa imelipanua tundu, hewa inapenya pembeni, na bataflai haikai mahali pamoja ukiachia mafuta. Ndiyo maana sailensi ilikuwa leo juu, kesho chini. Hakuna skrubu inayotibu hilo. Kabureta ikapelekwa mtaa wa Katwe kwa mkerezaji, ikarudi na bushi mpya za shaba na shafti inayozunguka bila kucheza hata kidogo.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi, na ningependa kila mwenye kabureta hii ayajue. Ile skrubu ya mkono wa mafuta siyo ya kupandishia wala kushushia sailensi. Hajji aliilegeza, akairudisha mpaka ikagusa tu, akaongeza robo mzunguko na kuiacha. Kazi ya sailensi ni ya skrubu mbili zilizo ubavuni. Ile ndogo ya mchanganyiko aliifunga taratibu mpaka mwisho, akaifungua mizunguko miwili na nusu. Injini ilipopata moto na choki, inayobana hewa injini ikiwa baridi, kufunguka kabisa, akatumia ile kubwa ya hewa kuleta mizunguko 850 kwa dakika, akarudi kwenye ndogo kutafuta mahali injini inapokimbia vizuri zaidi, akaikaza kidogo tu, akamalizia tena kwa kubwa. Alikuwa na mita ya kuhesabu mizunguko, lakini nilimwona akiinamisha sikio kabla ya kuitazama. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo mchanganyiko huelekea kuzidi mafuta. Alizikagua jeti pia, vile vitundu vinavyopima mafuta, akaridhika nazo.

Sasa gari linakaa sailensi kwa sauti moja, moto au baridi. Wanaonishauri niliuze ninunue la kisasa nawakumbusha kwamba Tommy Fjastad alishinda Safari Rally mwaka 1962 kwa Volkswagen kama hii. Hii si mashine dhaifu, inataka tu mtu anayeijua.

Nililipa shilingi 280,000, pamoja na mpira na kazi ya Katwe. Kwangu ni bei ya haki, na mpira uliopasuka alinirudishia mkononi bila kuombwa. Lakini usiende ukiwa na haraka. Hajji anafanya gari moja kwa wakati, na hakubali kuachia kazi nusu ili ampokee mteja mwingine. Risiti lazima uiombe. Mahali pa kukaa ni benchi moja tu, na mvua ikinyesha uwanja unajaa matope. Magari ya kompyuta hayapokei, atakuelekeza kwa jirani. Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya swala, kwa hiyo lilete jioni ya siku nyingine, lilale, asubuhi alikute baridi.